Jiwe Nililoliosha kwa Jiki

Woolwich, London

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unafika msikitini bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Sisi wazima. Mtoto mdogo anaota meno, halali, nami silali, na alfajiri natakiwa ofisini kwa watu na ndoo yangu ya usafi. Nimechoka, sikufichi. Ila leo sikuandikii uchovu.

Karibu na shule ya mjukuu wako Mwanaidi kuna kibustani chenye jiwe refu kama mtu. Ni la kuwakumbuka wanamgambo wa zamani wa mtaa huu, waoka mikate na washona viatu walioitwa vitani wakaenda. Mwalimu alisema Ijumaa darasa zima litakwenda pale, na mtoto mwenye askari katika ukoo wake atamtaja jina. Mwanaidi akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kila siku, kwamba sisi hatuna.

"Tunaye," nikamwambia. Nikamsimulia habari za babu yako Sefu, aliyechukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo katika vita na Wajerumani, asirudi. Na vile unavyosema kila mwaka tukimaliza kufagia makaburi kabla ya Ramadhani: "Wote tumewafagilia, kasoro mmoja."

Kesho yake nikamfuata mwalimu. "Lakini huyo alikuwa mpagazi," akasema kwa upole, "si askari."

"Mwalimu, risasi za askari alizibeba nani? Bila yeye bunduki ni fimbo tu."

Akacheka, akasema atafikiri.

Alhamisi nikitoka kazini nikapita pale. Jiwe limeota ukijani tangu chini hadi juu! Baba, wewe ulinileaje? Wageni waje kesho wakute uchafu? Nikamimina jiki ya kazini, nikasugua kwa nguvu zangu zote.

Mara mzee mtunza bustani huyo, anakuja mbio. "Acha, mama, acha! Jiwe hili la zamani, dawa hiyo inalila!"

Tukalimwagia maji ndoo kwa ndoo. Wapi! Alama nyeupe ikabaki ubavuni, kubwa kama sinia. Nikajua mwalimu akiiona, jina la babu limeshakwenda na maji.

"Nani kakutuma?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sikutumwa. Kwetu wageni hawakaribishwi kwenye kaburi chafu, na babu yangu hana lake la kufagiliwa. Mzee akaniletea brashi laini. "Maji matupu," akasema, "na subira. Upande ule bado."

Nikaumaliza upande ule.

Ijumaa nilimwahi mwalimu kabla hajaambiwa na mtu. "Alama ile ni yangu, nimekosa. Lakini jina bado nalitaka." Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. "Mwanaidi atalitaja," akasema.

Zamu yake ilipofika alisema kwa Kiswahili, Baba! Huyu huyu ninayemwita kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza! "Babu yetu anaitwa Sefu. Alibeba mizigo. Hakurudi." Halafu akawafafanulia kwa lugha yao. Mwenzake akamwuliza jiwe la babu liko wapi. Mwanaidi akanyoosha kidole kwenye ile alama nyeupe.

"Lile pale. Mama yangu alimwoshea."

"Akamwoshea kwelikweli," mzee wa bustani akasema. Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Sijapata kuona fahari hivyo tangu nije nchi hii.

Nisalimie Mama, na shangazi wa vitumbua, na mdogo wangu fundi cherehani, mwambie gauni la Mwanaidi limemkaa vizuri mno. Mume wangu anakuamkia.

Nina ombi, Baba, na usinikatalie. Kando ya kaburi la bibi yako pana nafasi. Tafuta jiwe, si lazima liwe kubwa, uliweke pale, uandikishe Sefu na jina la baba yake, maana Mwanaidi kaniuliza nami sikulijua. Mwaka huu mkimaliza kufagia, asibaki mtu.

Na mkiliosha, maji matupu. Jiki msiguse.

Mwanao,
Zainabu