Jeneza Lililovunja Lango la Mawe

Mpendwa Tata, baba yangu,

Salamu za heri sina. Ukuta wako umekwisha, na nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana nduguyo ana mdomo mtamu na siku mtakapokutana huko atakueleza vingine.

Unakumbuka kila masika yakiisha tulivyouzunguka, mimi na wewe, tukitafuta mahali palipobonyea? Nilikuwa mdogo, shule haijanichukua bado. Wewe unapanga, mimi nakupa mawe. "Si hilo, Moraa. Hilo lina tumbo, halitakaa." Unalitupa, unanyoosha mkono tena bila kugeuka. Hakuna udongo, hakuna saruji, ni jiwe juu ya jiwe. Chini upana wake unatosha ng'ombe kulala, juu umebana. Uliniambia wazee waliuita orwaki, ngome, na kwamba babu yako aliujenga zamani za wavamizi wa ng'ombe. Ndiyo maana lango likawa fupi na jembamba: adui aingie mmoja mmoja, kichwa mbele, shingo imeinama.

"Na mgeni je?" nikakuuliza.

"Mgeni naye ainame. Kuinama hakuui mtu."

Uhuru ukaja, mashamba yakapimwa, majani chai yakapanda kilima kutoka Gesima mpaka kwetu. Baba mdogo akaanza kuyatamani yale mawe kwa msingi wa nyumba yake. "Vita vimekwisha, kaka. Tunamfungia nani?" Ukamjibu kwamba mto una mawe tele, na kwamba ukuta huu ataugusa siku wewe utakapokufa. Ebu, Tata! Maneno mengine mtu huyameza.

Wazee wetu wote walifia ndani ya ngome na kuzikwa humo humo bila alama. Hakuna maiti iliyowahi kupitishwa langoni. Wewe ndiye wa kwanza kwenda kufia hospitali huko Kisii mjini, na wa kwanza kurudi ndani ya jeneza, tena jeneza pana, la mbao nzito, kwa sababu nduguyo alitaka watu waone. Likafika langoni likagoma. Wakalirudisha, wakalisukuma tena. Wakajaribu kulilaza ubavu, mama akapiga yowe: "Msimgeuze mume wangu kama gunia!" Kijana mmoja akasema lipitishwe juu ya ukuta. Wazee wakakataa katakata. Mwenye boma haingii kwake kwa kuruka ukuta, hiyo ni njia ya mwizi.

Basi nikasema mimi. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote: mtoeni, tumfunge blanketi, tumbebe mikononi apite langoni mwake. Tata, walinitazama kama nimevua nguo. Mzee wa kanisa akasema ushenzi huo tuliuacha. Na baba mdogo, bila hata kunitazama: "Binti aliyeolewa hana neno kwenye lango la baba yake. Leteni mtaimbo."

Nililia, nikalishika lile jiwe refu la juu ya lango kwa mikono miwili. Shangazi wakaniondoa. Jiwe likaanguka, kuta za pembeni zikalifuata, na wewe ukapitishwa juu ya kifusi huku watu wakiimba wimbo wa mbinguni. Nilikuwa nimekasirika mpaka sikuweza kukuomboleza. Mpaka leo sijakuomboleza vizuri.

Ukuta uliotobolewa haudumu. Mvua za kwanza ziliufungua, majirani wakaja na mikokoteni, nduguyo akapata msingi wake. Nilipomlilia mama, alisema, "Acha, mwanangu. Ukuta huo ulizuia nini? Kifo kilipita." Anachoka haraka siku hizi, nikamwacha alale. Lakini usiku nikiwa kwa mume wangu najiuliza kwa nini nilijifunza kuchagua mawe.

Sabato iliyopita nilikuja kukuona. Chai imefika miguuni pako. Palipokuwa ndani pamekuwa njia ya mkato ya kwenda kituo cha kuuzia majani, na siku za kazi wachumaji hutua vikapu kando yako wakipumzika. Mama mmoja alikuwa amekaa hapo, mgeni, ameolewa juzi huku kwetu. Akanisalimu vizuri, akaniangalia nikipangusa kaburi. Kisha akaniuliza kwa huruma kabisa:

"Huyu alikuwa msafiri? Hakuwa na kwao, mpaka akazikwa njiani?"

Nilitaka kumwonyesha. Nikainua mkono, Tata, nikatazama huku na huku, na hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Nikaushusha.

Kwaheri. Sitakudanganya kwamba tutaujenga tena.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza