Ngoro Nane Kwenye Mchanga

Shikamoo mama yangu. Goti lako linaendeleaje, na kahawa mwaka huu imekubali? Mimi mzima, nimeungua jua tu, na nina habari ambayo nikikaa nayo siku moja zaidi nitapasuka. Ila kwanza nikueleze ninapoishi, maana kila nikipiga simu unauliza kama huku kuna watu.

Watu wapo! Kijiji chetu hiki cha jangwani, kaskazini mwa Kenya, ukisimama mlangoni pa zahanati ninayofanyia kazi unahesabu nyumba zote bila kugeuza shingo. Tuna bomba moja, maji yake yana chumvi kidogo. Tuna duka moja lenye friji ya sola, na soda ya baridi kwenye joto hili, mama, acha tu! Simu inashika juu ya jiwe moja, tunapanga foleni kama ya kuungama. Ndiyo maana nakata haraka, usinune. Hata mto tunao, ila hauna maji.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka siku naondoka nyumbani Kigonsera ulinifungia maharage kwenye kipande cha kitenge? Ulisema, "Mahali maharage yasipoota, mwanangu hawezi kukaa. Yakikataa, urudi." Nikakubali kwa kiburi. Nilipouona mchanga huu niliogopa, kwa sababu kazi hii naipenda.

Nikachimba ngoro nane nyuma ya zahanati, mashimo na matuta kama ulivyonifundisha. Nyasi za kufukia kwenye matuta ndizo zilikosekana, mpaka nikaona mzigo wa nyasi kavu ukutani. Nikajua umetupwa. Kwetu nani anahesabu nyasi? Nikazipanga, nikazifukia zote. Asubuhi akaja Mama Halima, jirani yangu mfugaji, na fimbo mkononi.

"Wewe mtu wa Tanzania, umezika chakula ya mbuzi yangu?"

Kumbe nyasi hizo huletwa na lori kutoka mbali sana. Niliona aibu, mama! Nikazifukua kwa mikono huku mbuzi wakininyang'anya. Alipochoka kunifokea akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamweleza habari zako na za maharage. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaleta magunia mawili ya samadi.

"Zika hii," akasema. "Hii mbuzi imeshamaliza."

Nikaizika, nikapanda maharage yako. Mvua ilinyesha mara moja tu. Kijiji kizima maji yalikimbia, kwenye ngoro zangu yakatulia. Baada ya hapo nilimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Yameota, mama! Yamezaa! Jumapili tumekula sufuria nzima, mimi na Mama Halima. Yeye alitia maziwa ya ngamia, usiniulize. Anakusalimu sana.

Nisalimie dada Benigna, baba mdogo wa kwaya, na shangazi anayetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani.

Benigna ameniambia kipande changu cha ngoro umekiacha bila kupanda misimu miwili, unanisubiri. Nililia pale juu ya jiwe, watu wa foleni wakinitazama. Najua uliomba maharage yakatae. Krismasi nakuja kukuona, lakini huku nabaki. Sista anayekuletea barua hii amebeba kitenge kilekile, na ndani yake mbegu zilizozaliwa jangwani. Zipande kwangu, mama, usisubiri tena.

Mwanao,
Eufrasia