Wabeba Maji wa Volta

Al-Ruwais, Jeddah
28 Machi 2016

Ndugu yangu mpendwa Lewis,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini wewe, mama na jamaa wote mko salama, na mvua imewafikia huko Webuye. Mimi ni mzima, ila joto la huku limeshaanza ubabe wake. Barua hii anakuletea Jerusha, rafiki yangu, ambaye mkataba wake umekwisha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize hata sentensi moja, na jambo lenyewe ni lile lako la kutaka kuja kuwa dereva.

Uliniambia umechoka na mbio za baiskeli kwa kuwa kocha amekuweka umbebee Kevin maji. Ukasema mwanamume hawezi kuumia mlimani ili mwenzake apewe kombe. Nilikuelewa. Nami nakujua, ukinuna hata ugali huugusi.

Sasa nisikilize. Mzee ninayemtunza ni baba yake bosi. Anaitwa Mzee Mselem, Mzanzibari aliyefika huku baada ya mapinduzi ya 1964. Upande mmoja wa mwili umepooza, lakini ulimi, mashallah, haujambo. Ujanani alikuwa baharia, na meli yao ilipokaa Barcelona kwa matengenezo, aliziona mbio za baiskeli za Catalonia zinazoitwa Volta. Ugonjwa huo wa baiskeli haujamtoka mpaka leo. Wiki nzima iliyopita nilimweka mbele ya televisheni, namlisha uji naye ananihutubia.

Anasema Volta ilianza mwaka 1911, kabla hata ya mbio kubwa za Uhispania nzima, kwa hiyo mtoto alimtangulia baba kuzaliwa. Hilo humchekesha kila akilisema. Enzi hizo barabara zilikuwa vumbi na mawe, na gurudumu likipasuka unashuka unaliziba mwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazikatiza mbio, vilipokwisha zikarudi. Yeye alizikuta zikifanyika Septemba. Siku hizi ni Machi, na waliozihamisha hajawasamehe.

Nilimuuliza kwa nini kijana mmoja alikuwa akirudi nyuma kwenye gari na kujishindilia chupa ndani ya fulana. Mzee akanieleza kwamba kazi yake ni kuwapelekea wenzake maji na kumkinga kiongozi wao upepo. Akasema katika historia yote ya Volta aijuayo, hamjui bingwa aliyeshinda peke yake. Hapo nilikukumbuka nikalia. Mzee alidhani naumwa jino.

Lewis, acha nikufungulie moyo. Bosi Usama alikuwa tayari kuwa kafili wako, yaani mwajiri wa kukudhamini uingie huku. Ijumaa aliniuliza kama utakuja, nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni, mafi, yaani hakuna, ndugu yangu ana kazi yake. Najua utakasirika. Kasirika tu. Lakini ujue kwamba sikuongeza mkataba kwa hiari yangu kama nilivyowaambia. Ulikwisha mwaka jana, nikaomba kurudi nyumbani, bosi akasema nisubiri mzee apone. Pasipoti yangu imo kabatini kwa madam, mke wa bosi, na yako ingewekwa papo hapo. Yule mbeba maji wa Volta, mbio zikiisha, anarudi kwao. Mimi nitarudi mzee akipona, na mzee hatapona. Ananiita mwanangu, nami nampenda kweli. Kila jioni namwombea uzima, kisha naona aibu kwa ombi jingine linalonijia ulimini.

Basi nenda kwa kocha umwambie utayabeba hayo maji. Nisalimie wote wanaoniulizia, na Kevin pia, maana hana kosa. Mama usimwambie habari za mkataba. Mwambie nimenenepa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Velma