Upinde wa Chuma Nyuma ya Viti

Sheffield, 14 Aprili 1985

Mdogo wangu Denzil,

Hamjambo huko Ledbury? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi za wodi. Wifi yangu Noreen anaendeleaje? Mwambie jamu ya plamu imefika salama na nimeshaifungua.

Picha ya gari la baba nimeiona. Umelifufua kweli, kijani kile kile, na viti vyake viwili. Lakini kila nikiitazama nakosa raha, kwa sababu nyuma ya viti hakuna kitu. Kazi yangu ya uuguzi unaijua, wodi ya waliovunjika shingo. Juzi tumempokea mwalimu wa shule mwenye gari la wazi kama lako. Lilipinduka shambani kwa mwendo ambao hata polisi wasingeuandika. Kioo cha mbele kililala kama karata, uzito wote ukaja shingoni mwake. Siku hizi anazungusha macho tu.

Funga upinde wa chuma nyuma ya viti, Denzil, ule unaozuia gari lisikulalie likipinduka. Na uushikize kwenye fremu, siyo kwenye bati, maana bati hukunjika. Najua utabisha, wewe mbishi tangu utotoni. Kama hufungi kwa ajili yako, funga kwa ajili ya Noreen. Aliolewa na wewe, hakuolewa na gari.

Dada yako,
Winnie

Ledbury, 2 Mei 1985

Dada yangu Winnie,

Pole na magoti. Sisi wazima, Noreen anakusalimu sana na anasema jamu hiyo ilikuwa ya kungojea Krismasi.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai, kosa kubwa. Nilisema baba aliliendesha gari hili miaka yote bila upinde wowote akafa kitandani. Noreen akaniuliza, "Kwani na wewe umepanga kufia kitandani, au hujaamua?" Wanawake wawili dhidi ya mwanamume mmoja, nimeshindwa kura.

Basi nimefunga, bolti nene hadi kwenye fremu. Wazee wa chama chetu cha magari ya zamani wana kipimo chao: unalaza mpini wa ufagio kutoka juu ya upinde hadi juu ya kioo cha mbele, na kichwa cha dereva lazima kipite chini yake. Noreen alishika ufagio, mimi nikakaa. Ukanigonga utosini. Akasema, "Kiache, hicho kichwa kigumu kuliko chuma." Nimetoa godoro la kiti, sasa natazama barabara kupitia usukani kama mtoto aliyeiba gari la mjomba. Umefurahi?

Mdogo wako,
Denzil

Ledbury, 9 Septemba 1985

Dada Winnie,

Salamu. Afya nzuri, moyo ndio mbaya. Kwenye maonyesho ya chama nimekuwa wa pili. Kikombe amechukua Ambrose Tuck, yule ambaye gari lake halijui barabara. Hulileta juu ya trela kama fahali wa mashindano. Waamuzi wamenikata alama kwa ajili ya upinde: "kitu ambacho hakikutoka kiwandani." Vinginevyo kikombe kilikuwa changu.

Wenzangu wamenicheka. Kumbe wote wenye upinde huufungua kabla ya maonyesho na kuurudisha baadaye. Ni desturi, hakuna anayeona haya. Mimi peke yangu sikuambiwa.

Mdogo wako,
Denzil

Sheffield, 20 Septemba 1985

Denzil,

Habari za huko? Huku mvua tu.

Pole na kikombe. Desturi hiyo ni ya wapumbavu, na waambie mimi nimesema. Gari halijui siku ya maonyesho na siku ya kawaida. Niahidi neno moja tu: Noreen hapandi gari hilo likiwa halina upinde. Wewe fanya utakavyo na shingo yako. Yule mwalimu alifariki Jumanne, nilidhani ungependa kujua.

Dada yako,
Winnie

Ledbury, 28 Juni 1986

Dada yangu,

Hujambo? Umeninunia wiki ngapi hizi? Sisi wazima.

Nakueleza ukweli ili usije ukausikia kwa mtu. Kesho ni maonyesho, na upinde nimeufungua leo. Utabebwa kwenye trela ya Ambrose, na Jumatatu naurudisha. Usipige kelele. Nitaendesha peke yangu, kwenda na kurudi. Noreen atapanda na mke wa Ambrose. Nimekuahidi, na naapa kwa kaburi la baba.

Mdogo wako,
Denzil

Sheffield, 17 Julai 1986

Denzil,

Sikuulizi hali, naijua.

Noreen wamemleta kwangu. Hospitali ya kwenu walisema wodi ya karibu yenye kitanda kitupu cha mgonjwa wa shingo ni hii, basi nimempokea mimi mwenyewe pale mlangoni, wifi yangu, kwenye ubao. Hahisi kitu chini ya mabega. Akili yake nzima na mdomo wake mzima. Aliniona nalia akaniambia, "Wewe muuguzi au mgeni?"

Kila siku nakungojea. Hujaja, hujapiga simu. Kaka wa Noreen anasema uko nyumbani, huna hata jeraha la kushonwa. Njoo, Denzil. Tutagombana baadaye.

Dada yako,
Winnie

Ledbury, 3 Agosti 1986

Dada Winnie,

Nimeandika barua hii nikaichana mara nyingi.

Nilishinda. Noreen alifurahi kuliko mimi. Nilimwambia apande na mke wa Ambrose, naapa nilimwambia. Akakumbatia kikombe akasema hakuna mke wa bingwa anayerudi nyumbani na gari la wengine. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapiga makofi. Nikasema haya, panda. Nilisema mimi.

Kwenye kona ya chini ya kilima trekta ilikuwa imeacha matope. Hatukuwa na mwendo, Winnie. Gari lilitelezea mtaroni, likageuka polepole, hata nilidhani litasimama. Mimi sikuwa nimefunga mkanda, nikatupwa kwenye ua wa miti. Yeye alifunga, akabaki chini ya gari. Unamjua, mtu wa kufuata taratibu.

Siwezi kumtazama. Najua ni aibu. Nashinda gereji. Fremu haikupinda, bati nimelinyoosha, na upinde nimeurudisha na kuuchomelea kabisa, hautoki tena maisha yangu yote. Gari likikamilika nitakuja nalo, aone kwa macho yake. Sitaki kuja mikono mitupu.

Mdogo wako,
Denzil

Sheffield, 8 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Nimemsomea barua yako, ameniomba niirudie.

Hakukulaumu. Anasema kupanda alipanda yeye, na kwamba angetaka mume mwenye akili angeolewa na mtu mwingine. Kisha aliniambia nichukue kalamu. Akasema niandike hivi: pua inamwasha, na hawezi kujikuna. Mimi namkuna, wauguzi wanamkuna, lakini hatujui mahali pake. Anasema wewe unapajua.

Hataki kuona gari, Denzil. Panda basi. Panda treni. Usinijibu kwa barua.

Dada yako,
Winnie

Ledbury, 15 Agosti 1986

Dada Winnie,

Nimepokea. Nilikaa na barua yako gereji mpaka chai ikapoa.

Nakuja. Imebaki rangi ya mlango mmoja tu, na rangi ya kijani hiyo haitaki haraka, ikipakwa na unyevu hutoka mabaka. Jumapili ijayo nitakuwa hapo. Mwambie asikilize uani, atanijua kwa mlio. Nyumbani alikuwa ananijua nikiwa bado kwenye daraja la mtoni.

Mdogo wako,
Denzil

Sheffield, 21 Agosti 1986

Denzil,

Usije Jumapili.

Noreen amefariki leo asubuhi. Ni mapafu. Wagonjwa wa shingo hawawezi kukohoa, na mafua ya kawaida tu huwamaliza. Hilo nililijua tangu siku ile ya kwanza, sikukuandikia kwa sababu nilidhani unakuja.

Nilimwambia Jumapili. Hata hivyo kila gari lililoingia uani aliniuliza ni la nani. Nikamwambia la daktari, la mkate, la dobi. Jana halikuingia gari ambalo hakuliuliza, hadi nikamfungia dirisha, na sasa najuta kulifunga.

Nimemwosha mwenyewe na kumchana nywele. Watu wa mazishi watamleta Ledbury Jumanne, mpaka mlangoni kwako. Hutalazimika kusafiri.

Wifi yake Noreen,
Winifred Pugh