Matone ya Parfait

Nakivale, Jumatatu

Shemeji Kalume,

Salamu mingi kwako huko Ruti. Mahindi yameanza kubeba, na mbuzi amezaa mapacha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu inalalaka chini ya mto wa mdogo wako.

Yale matone ya homeopatia uliyomletea Parfait ya kuyeyusha jiwe la figo, niliyamwanga mwezi uliopita nikipangusa meza. Niliogopa makelele, nikajaza chupa maji ya bomba. Tangu siku ile anahesabu matone kumi asubuhi, kumi mangaribi, na kahawa amenikataza, eti harufu yake inaua dawa. Kahawa itaua maji namna gani, shemeji? Jana akasimama kanisani kushuhudia kwamba amepona, batu bakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Leo amekojoa damu, mwili unawaka. Nikimwambia twende hospitali Mbarara, ananijibu: "Apolline, acha. Ni jiwe linatoka. Dawa iko inatumika."

Nimechoka. Kuja kesho umupeleke. Ukinikuta inje na vitu vyangu, ujue nimeshamwambia.

Ni mimi, muke wa mdogo wako,
Apolline