Kilichonizuia Malanja

Ofisi ya Mifugo, Endulen,
Ngorongoro.
19 Agosti 1984

Dada yangu Esta,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Josephati, usishtuke kuuona mwandiko wangu baada ya kimya chote hiki. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na lile goti lako liwe limepata nafuu sasa mvua zimekwisha huko Machame. Mimi mwili haujambo. Baridi ya huku juu sitakueleza, maji ya kunawa asubuhi lazima yapite motoni kwanza, ila tangu Pasaka sijaumwa hata mafua. Ng'ombe nao hawajambo, na josho letu limepata dawa mwezi huu.

Najua umenikasirikia, na una haki. Barua zangu mbili hukuzijibu. Ya tatu niliichana mwenyewe kabla sijaituma, maana nayo ilikuwa na uongo uleule. Hii ya leo ni ya kukuambia mahali nilipokuwa siku ile mlipokwenda kuniposea Margareth, mkanisubiri Karatu, na ndiyo maana ni ndefu. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umenuna.

Wiki iliyopita nilionana na Margareth. Habari za ndoa yake naamini zilikufikia, kwamba mwezi wa sita aliolewa na Felisiani, yule bwana afya wa Karatu, mrefu mwembamba, ambaye siku ile alikuwepo kama jirani na akakuletea kiti chenye mto. Nitakueleza tulivyoonana, lakini lazima nianze mbali kidogo.

Wewe ndiye uliyeanza kuniita Fundi. Nilikuwa na miaka tisa, mama amefariki mwaka uleule, nikaifungua taa ya chemli iliyokuwa imekataa kuwaka na nikaitengeneza. Ukawatangazia majirani wote, na mpaka leo kwenye bahasha zako huandika Fundi Josephati kabla ya jina la baba. Jina hilo lilinipendeza mno, dada. Nilipokabidhiwa pikipiki ya idara nikaona hakuna mwingine kuanzia Endulen mpaka Mto wa Mbu anayejua chombo hicho. Kila aliyekosea na pikipiki yake, mimi ndiye niliyesambaza habari zake. Yuko mwalimu mmoja aliyepiga kiki nusu saa, funguo ziko mfukoni mwake. Yuko mwinjilisti aliyejaza mafuta akaondoka bila mkewe, akaenda kilomita nne akimsimulia mahubiri ya Jumapili, na hakujua kwamba nyuma hakuna mtu mpaka aliposubiri aitikiwe. Nilizisimulia hizo kila nilipokaa, na watu walinipenda kwa hilo.

Huyo Felisiani nilimpa jina mimi. Chini ya tangi la mafuta pana koki, kitu kidogo unachokigeuza kama bomba la maji. Ukiifunga, mafuta hayashuki kwenye injini. Tatizo lake ni kwamba ukiwasha huku umesahau kuifungua, pikipiki inawaka vizuri tu kwa mafuta yaliyobaki chini, unakwenda mwendo mfupi, halafu inakufa na huelewi kwa nini. Felisiani aliisukuma ya kwake kutoka kilima cha Rhotia mpaka Karatu kwa sababu hiyo. Jioni ile, dukani kwa Mzee Melkizedek, baba yake Margareth, nikamwita Bwana Koki mbele ya watu. Kila mtu alicheka, Margareth pia, na Felisiani mwenyewe alicheka kuliko wote. Mimi nilimwona hana aibu.

Sasa siku yetu ile, Jumamosi ya mwezi wa saba mwaka jana. Mengi yake nimeyasikia kwa Baba Mdogo Clemensi. Kwamba sukari uliyoipeleka uliiweka akiba tangu Januari, na unajua ilivyokuwa shida kupata hata robo. Kwamba Baba Mdogo alilipakata dumu la pombe ya mbege kutoka Arusha, na lilipofika Makuyuni kifuniko kikaruka kwa joto, akalowa mpaka kwenye soksi. Kwamba mlifika kwa Mzee Melkizedek saa tano, mkapokelewa vizuri, na mzee akasema mbege haitaonjwa mpaka kijana mwenyewe aje amimine ya kwanza kwa mkono wake. Mkakaa. Chai ikaja mara mbili. Saa kumi na moja na nusu uliinuka na goti lako bovu, ukaomba radhi kwa niaba yangu, na dumu likarudi halijaonjwa.

Nikakuandikia kwamba mkuu wangu alinituma ghafla Wasso, kuna ng'ombe wanakufa. Mzee Melkizedek naye nikamwandikia hivyohivyo. Wiki mbili baadaye mkuu wangu alipita dukani kwake kununua betri, mzee akamuuliza, akajibiwa kwamba siku ile hakuna aliyetumwa Wasso wala popote. Hapo ndipo yalipoanza maneno kwamba nina mwanamke Wasso na watoto juu. Margareth aliniandikia mistari miwili. Alisema hataki maelezo mengi, anauliza tu nilikuwa wapi. Nikamjibu Wasso. Baba Mdogo aliniambia kwamba hata baada ya hapo wewe uliendelea kunitetea, ukisema Josephati hajawahi kukudanganya tangu azaliwe. Maneno hayo nalala nayo na kuamka nayo.

Basi, Jumanne iliyopita nilikuwa nashuka kwenda Karatu kuchukua chanjo. Nilipopita lango la hifadhi, mwendo mfupi kabla ya mji, nikakuta pikipiki pembeni ya barabara na mtu anapiga kiki jasho linamtoka. Alikuwa Felisiani. Margareth alikuwa amekaa juu ya jiwe na gunia la kabichi miguuni, kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Nilitamani kupita, lakini kutosimama kungekuwa vibaya zaidi, nikasimama. Felisiani alinisalimia kwa furaha, wala hakuonyesha kukumbuka kwamba kuna ubaya nimewahi kumtendea. Alisema anadhani ni plagi, amekwisha kuifuta mara tatu.

Niliinama nikatazama. Koki ilikuwa imefungwa. Nikaigeuza, nikamwambia apige, ikawaka kwa kiki moja. Felisiani alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema basi lile jina amelipata kwa mara ya pili na sasa nimwandikie cheti. Margareth alicheka, dada. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akainuka, akamfuta mumewe grisi kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga, akamwambia wapande upesi kabichi zinanyauka. Ikawa imekwisha. Mtu alikosea, akachekwa, akafutwa uso, akaendelea na safari yake.

Felisiani alipokuwa anafunga gunia, Margareth alisogea karibu yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, siku ile nilikuwa wapi hasa. Alisema sasa haiwezi tena kumuumiza, anataka tu kujua. Nikamjibu kwamba nilikuwa Wasso. Alitikisa kichwa taratibu, akaenda akapanda.

Dada, sikuwa Wasso. Sijui hata hiyo Wasso ina maduka mangapi.

Siku ile niliondoka Endulen saa kumi na mbili asubuhi. Shati jeupe ulilonishonea nilikuwa nimelivaa, koti nimelifunga nyuma ndani ya nailoni. Kufika Malanja, kabla ya kupanda kwenye ukingo wa kreta, ukungu ulikuwa mzito na nyati wamesimama barabarani. Nikazima injini niwasubiri. Kabureta ya pikipiki ile ilikuwa inavujisha, na mafuta yenyewe tulikuwa tunayapata kwa kibali, kwa hiyo kila niliposimama mkono wangu ulikuwa unashuka wenyewe kufunga koki. Nyati wakaondoka. Nikawasha, nikaenda kama mita mia tano, ikazima.

Nilifungua plagi. Nikasafisha kabureta. Nikapuliza mpira wa mafuta mpaka nikapata kizunguzungu, nikaamua kwamba tangi lina kutu ndani. Saa nne lilipita lori la mahindi linakwenda Karatu, dereva akaniambia nipande, pikipiki itafuatwa kesho. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni fundi, anipe dakika kumi. Mahali pote nilitafuta isipokuwa pale, kwa sababu pale ni mahali pa Felisiani, si pangu.

Saa nane mchana alipita mama mmoja wa Kimasai anayeitwa Nanyokie, akiwaswaga punda wake wenye madumu ya maji. Nilikuwa nimewahi kuwachanja ng'ombe wa boma lao. Alinitazama nikihangaika, akaniuliza mbona leo siinami. Sikumwelewa. Akasema kila siku nikitoka kwao huinama kwanza, nageuza kitu hapa chini, ndipo napiga kwa mguu, na akanionyesha kwa vidole jinsi ninavyogeuza. Hakujua kinaitwaje. Niliinama, nikageuza, ikawaka kwa kiki moja.

Sikia sasa jambo lenyewe, ambalo hakuna binadamu niliyemwambia. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Kutoka pale mpaka Karatu ni mwendo wa saa mbili. Ningefika saa kumi, nanyi mliondoka saa kumi na moja na nusu. Mlikuwa bado mmekaa. Dumu lilikuwa bado linanisubiri. Nilikuwa na pikipiki inayonguruma na tangi lina mafuta, na sikuwa na kizuizi chochote duniani.

Nikajitazama. Shati lako jeupe lilikuwa jeusi. Nikajiona naingia uani kwa Mzee Melkizedek, watu wote wanageuka, mtu ananiuliza nini kimenichelewesha, na Felisiani amekaa palepale anasubiri jibu. Na jibu lenyewe lilikuwa koki. Basi nikageuza pikipiki, nikarudi Endulen. Nanyokie alinipigia kelele kwamba Karatu ni upande mwingine, maana nilikuwa nimekwisha kumweleza kwamba naenda kuposa. Sikusimama.

Hayo ndiyo yaliyonizuia, dada. Sikumpoteza Margareth kwa sababu ya koki. Nilimpoteza kwa kuogopa kuchekwa na mtu ambaye, kama nilivyomwona Jumanne, angenicheka kidogo kisha angenifuta uso. Na wewe nilikuacha ukaombe radhi kwa watu usiowajua, kwa kosa usilolijua, huku mimi niko njiani narudi nyumbani. Nampenda mpaka leo. Hilo halina dawa wala sikuombi unitafutie. Ila wewe sitaki nikupoteze pia.

Mzee Melkizedek nitamwandikia mwenyewe wiki hii nimweleze ukweli, asiendelee kudhani binti yake alidharauliwa. Margareth naye ataupata kwa baba yake. Sina uso wa kumwambia mimi, umeona nilivyoshindwa.

Anayekuletea barua hii ni Inosenti, dereva wetu, ambaye kwao ni jirani na sokoni kwenu. Amebeba kilo mbili za sukari. Si fidia, naomba uipokee tu. Mpe pole Baba Mdogo Clemensi kwa soksi zake, na umwambie Krismasi nitakuja kumwona kama wewe utaniruhusu kuingia kwako. Msalimie shemeji. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie mjomba bado ana ile pembe ya ng'ombe aliyomwahidi.

Ukipenda kunijibu, hata mstari mmoja utanitosha. Nina ombi moja tu kuhusu bahasha. Andika Josephati, halafu jina la baba. Lile lingine ulilonipa, liache kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Josephati