Ratili Nne Kwenye Mizani ya Tumbaku

Mjukuu wangu Rukia,

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko Nairobi, wewe na mimba yako. Sisi hapa Pate tu wazima, ila babako. Moyo umemchosha, kutoka kitandani hadi barazani hupumzika mara mbili.

Umeuliza alizaliwa na uzito gani, maana daktari kakwambia mtoto akizaliwa mdogo mno, moyo huweza kumsumbua ukubwani. Mimba yake ilipofika miezi saba, mavyaa wangu, mamake babu yako, alinipunguzia chakula. "Kula kidogo, mwanangu, mtoto asije akanenepa ukashindwa kumzaa." Ndiyo desturi tuliyoikuta, nikatii. Alipozaliwa, babu yako alimpima kwa mizani yake ya tumbaku: ratili nne, hata kilo mbili hazifiki. Majirani wakanipongeza kwa uzazi mwepesi, nami nikafurahi.

Sijui kama ni hilo. Daktari naye hawezi kuapa. Lakini nitamuuliza nani sasa?

Leo nimempelekea uji. Kanywa vijiko viwili, akasema, "Yatosha, mama." Ndilo neno nililokuwa nikimwambia mavyaa kila siku, na njaa ninayo.

Wewe usiliseme kabla hujashiba.

Bibi yako,
Zena